Gari la Zamani kwa Fedha Kidogo

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nkololo, Bariadi



Kamati ya maandalizi ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa, ila ikanionya nisirefushe maneno kama tufanyavyo ofisini. Nimechagua kuzungumza juu ya magari ya zamani, na hasa jinsi mtu wa mshahara wa kawaida awezavyo kulipata moja bila kuiumiza nyumba yake. Najua wapo watakaocheka. Lakini kila nikija likizo ninaulizwa jambo hili na watu wa rika zote. Mmoja ameona Landrova imelala uani kwa mjomba wake. Mwingine anataka Peugeot kama ile aliyopanda utotoni. Wa tatu amekwisha kutoa fedha, na sasa anatafuta wa kumshauri. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nichague habari hii, kwa sababu ushauri unaokuja baada ya malipo hausaidii sana.

Nitasema neno langu kubwa mapema, ili hata atakayesinzia asilikose. Mwenye fedha kidogo anunue gari lililo kamili, lenye fremu nzima na hati safi, hata kama sura yake haipendezi. Asinunue sura. Rangi hupakwa kwa siku mbili. Fremu iliyooza na hati isiyokuwapo hazipakwi rangi.

Tuanze na asili ya magari yenyewe. Yalifikaje huku kwetu, na kwa nini bado yapo?

Usukuma ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na kuanzia hapo ununuzi wa pamba ukawa kazi ya wenyeji wenyewe. Pamba haiji mjini kwa miguu yake. Karani wa chama, bwana shamba, bwana mifugo, mganga wa zahanati na padre wa misheni wote walihitaji chombo cha kupita katika udongo wetu mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika humshika hata ng'ombe. Chombo hicho aghalabu kilikuwa Landrova. Walimu na wafanyabiashara waliojiweza walinunua Peugeot, Volkswagen, na baadaye Datsun na Toyota.

Katika miaka ya 1970 uagizaji wa magari uliwekwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na kupata gari jipya kukawa kazi ya kungoja zamu. Ikaja Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na magari mengi ya watu binafsi yalichukuliwa kusaidia jeshi. Baada ya vita nchi ilikosa fedha za kigeni. Petroli ikawa adimu hata ikakatazwa kuendesha magari Jumapili mchana bila kibali. Gari lililovunjika kipuri wakati huo lilisukumwa chini ya mti, mwenyewe akasema, "Spea zikija tutalifufua." Kisha mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na magari yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi, mengi kutoka Japani. Waliokuwa wakingoja spea wakanunua gari jingine. Lile la chini ya mti likabaki pale pale.

Hiyo ndiyo sababu magari hayo yapo. Mengi hayakuachwa kwa kuwa ni mabovu, bali kwa kuwa wakati wake ulikuwa mgumu. Ila hayatakaa milele. Siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kijiji hata kijiji na mizani yao. Kwao Landrova ya mwaka 1968 ni kilo kadhaa tu za chuma na bati la alumini. Hukatwa kwa gesi, hupakiwa, huenda kuyeyushwa, na chuma chake hurudi kwetu kikiwa nondo. Siwalaumu, ni kazi halali. Nasema tu kwamba gari likishakatwa halirudi.

Sasa huenda mtu akauliza: kwa nini tuhangaike na haya ya vijijini wakati Japani na Uingereza wanauza magari ya zamani kwa wingi? Jibu ni kodi. Gari likiingia nchini hulipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ambayo hukokotolewa juu ya jumla ya hayo yote. Kisha upo ushuru wa nyongeza kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, nao hupanda zaidi likizidi miaka 10. Gari la miaka 40 haliwezi kuukwepa. Wenzetu wa Kenya wamefunga mlango kabisa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Sisi mlango uko wazi, lakini una malipo. Kwa hiyo gari la zamani la bei nafuu ni lile ambalo tayari liko hapa, na ambalo ushuru wake ulilipwa zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Tuje kwenye kulitafuta. Naweza kutaja mahali pa aina nne.

Kwanza ni uani kwa watu: kwa makarani wa ushirika waliostaafu, walimu wa zamani, wenye maduka na wenye mashine za kusaga. Hapa hakuna tangazo. Husaidia kuuliza kwa adabu, kuamkia, kukaa, na kurudi mara ya pili. Pili ni taasisi: misheni, hospitali, majineri, mashirika. Hizi mara nyingi zina daftari la gari tangu siku liliponunuliwa, na daftari hilo ni mali kubwa kuliko tairi mpya. Tatu ni minada ya Serikali, ambapo magari yaliyofutwa kwenye matumizi huuzwa hadharani. Matangazo hutoka magazetini na kubandikwa kwenye mbao za ofisi. Soma masharti yote. Aghalabu mnunuzi hutakiwa kuweka amana papo hapo na kumaliza salio katika siku chache, na gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Asiyemaliza kwa wakati hupoteza amana. Nne ni gereji za mjini, kwa kuwa nyuma ya kila gereji kubwa ya Mwanza au Shinyanga pana gari ambalo mwenyewe alishindwa kulilipia matengenezo. Hapo mwangalifu aulize: je, anayeuza ni mwenye gari au ni fundi anayedai fedha zake?

Nitaongeza jambo moja la jiografia. Gari lililokaa Dar es Salaam, Tanga au Unguja limepigwa na hewa ya chumvi ya bahari, na chumvi ni adui mkuu wa chuma. Gari lililokaa Maswa, Meatu, Bariadi, Singida au Dodoma limekaa katika hewa kavu. Rangi yake hubabuka kwa jua, viti hupasuka, mipira hukauka, lakini chuma chake mara nyingi ni kizima. Watu wa pwani wana magari yanayong'aa kwa nje na kuoza kwa ndani. Sisi tuna yale yaliyochakaa kwa nje na yenye afya ndani. Kwa mwenye fedha kidogo, letu ndilo bora.

Je, uchague gari gani? Ushauri wangu ni huu: usianze na gari, anza na fundi na kipuri. Uliza katika mji ulio karibu nawe ni gari gani la zamani ambalo fundi analijua na spea zake zinapatikana. Likiwa halina fundi, hata ukipewa bure ni ghali.

Landrova ndiyo tuliyo nayo kwa wingi. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, siku ambazo chuma cha Uingereza kiligawiwa kwa kipimo baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Lakini jihadharini: fremu yake ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma. Hapo ndipo inapooza, huku bodi ikikudanganya kwamba gari ni zima. Sifa yake ni kwamba karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, nacho hufunguliwa kwa bolti. Aibu yake ni ulafi: ile ya petroli ya lita 2.25 hukupa kilometa 6 au 7 kwa lita, si zaidi. Bado Watanzania wanaipenda. Oktoba 2024 mamia ya wenye Landrova walikusanyika Arusha kwa nia ya kuivunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo iliyokuwa ya Wajerumani. Kusanyiko la namna ile hupandisha bei, kwa hiyo msidhani mzee wenu hajui thamani ya chombo chake.

Peugeot 404 na 504 ni magari ya barabara mbaya na mizigo. 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati ilikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. 504 nayo ilishinda 1975 na 1978. Pick-up za aina hizi ziliendelea kuunganishwa Kenya kwa miaka mingi baada ya Wafaransa kuacha kuzitengeneza kwao, ndiyo maana spea bado huonekana Nairobi na Mombasa. Ila difu ya 404 ni ya namna yake, yenye parafujo na gurudumu la shaba. Ikisha kuliwa si rahisi kupata nyingine. Isikilize kwa makini kabla ya kulipa.

Volkswagen ile yenye mgongo kama wa kobe haina rejeta wala maji; injini yake hupozwa kwa hewa. Kwa nchi yenye shida ya maji kama yetu hilo ni jema. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na ya mwisho ilitoka Mexico mwaka 2003, kwa hiyo vipuri bado vipo. Inua kiti cha nyuma: betri imekaa chini yake, na tindikali ikimwagika hula sakafu. Na kwa kuwa haina chujio la oili kama magari mengine, isipobadilishwa oili mapema injini hufa kabla ya wakati.

Datsun 1200 na Toyota Corolla za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 hazina majina makubwa, na kwa sababu hiyo hasa ndizo rafiki wa mwenye mfuko mwepesi. Ni nyepesi, hazinywi sana, na injini zake fundi yeyote wa mtaani amekwisha kuzifungua. Injini za Corolla za jamii ya K zilifungwa pia kwenye magari madogo ya mizigo na hata mashine za kunyanyulia mizigo ghalani, kwa hiyo spea zake hazijaadimika. Kijana anayeanza, mimi ningemwelekeza hapa kabla ya kumwelekeza kwenye Landrova.

Na asidharau mtu gari lililotumika. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kukimbizwa na wengine, na imetembea zaidi ya maili 40,000. Kampuni zilileta magari mapya na mafundi wengi. Fundi aliyelijua gari lake akazipita zote.

Sasa kulikagua. Ndugu zangu, sisi ni wafugaji. Hakuna Msukuma anayekwenda mnadani akanunua ng'ombe kwa kutazama pembe. Humfungua kinywa akahesabu meno, humtazama anavyotembea, humpapasa mgongo. Gari nalo lina meno yake.

Nenda mchana, si jioni. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Lala chini, gonga fremu taratibu kutoka mbele hadi nyuma: penye chuma kizima hulia, penye kutu huitika kwa sauti nzito. Ukiona puti au lami imepakwa nene mahali pamoja, uliza inaficha nini. Tazama namba ya chasisi. Kwenye Landrova nyingi hupigwa juu ya fremu yenyewe, mbele upande wa kulia karibu na springi; kwenye Volkswagen ipo chini ya kiti cha nyuma. Ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyosagwa au kupigwa upya ni sababu ya kuaga na kuondoka, hata kama bei ni ya kutamanisha.

Kama gari limelala miaka mingi, usimruhusu mtu kuliwasha kwa kuligongesha betri palepale. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, acha usiku kucha, kisha zungusha injini kwa mkono. Landrova na Peugeot nyingi za zamani zina tundu la kuingizia mpini wa kuzungushia. Ikizunguka, una injini. Isipozunguka, hesabu kwamba unanunua gari lisilo na injini, na bei iwe hivyo. Kama gari linatembea, lione likiwashwa asubuhi likiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, wenye maji, mara nyingi ni gasketi au kichwa cha injini kilichopasuka.

Tazama pia vitu vidogo visivyopatikana: vioo, taa, vitasa, dashibodi, vifuniko. Injini utaipata, kioo cha mbele cha gari la mwaka 1965 kinaweza kukutesa mwaka mzima. Ndiyo maana nasema nunua lililo kamili. Magari mawili nusu nusu hayafanyi gari moja, ila hufanya uchafu uani na ugomvi ndani ya nyumba.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: injini za kale zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Tangu mwanzo wa mwaka 2006 nchi zetu hazitumii tena petroli hiyo, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo wa watoto. Kwa hiyo mwambie fundi apime uwazi wa valvu mara kwa mara, na ikibidi aweke viti vigumu zaidi siku atakapofungua kichwa cha injini.

Nafika kwenye hati, na hapa naomba msikilize kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotezea fedha zao.

Gari bila kadi si gari, ni vyuma. Kabla hujalipa hata senti, peleka namba za gari ofisi ya Mamlaka ya Mapato waziangalie katika daftari lao, na upite polisi kuhakikisha halitafutwi. Gari lililosimama tangu kabla ya kuja kwa namba za sasa, zile za herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, huenda bado lina bati la zamani na halimo katika daftari jipya. Uliza mapema nini kitatakiwa ili liingizwe. Msishtuke kadi ikiandikwa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 tu. Baada ya kununua, hamisha umiliki mara moja. Asiyehamisha huacha gari kwa jina la mwingine, na siku ya ajali au ya kesi watu wawili huteseka. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, lakini bima haikuondolewa. Huruhusiwi kuingia barabarani bila walau bima ya kumlinda mtu wa tatu.

Magari mengi tunayoyazungumzia, wenyewe wamekwisha kufariki. Kadi ina jina la marehemu, na anayeuza ni mjane, au mtoto mkubwa, au shemeji. Kisheria hakuna hata mmoja wao anayeweza kuliuza mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Kwa familia nyingi za huku hilo hufanyika Mahakama ya Mwanzo: kikao cha ukoo hukaa, jina hupendekezwa, tangazo hutolewa, kisha hakimu huteua. Huchukua muda, lakini ni kazi ya miezi, si ya maisha. Mnunuzi anayeruka hatua hii huletewa ndugu asiyemjua siku ambayo gari limekwisha kung'aa.

Na hapa liko jambo lisiloandikwa katika sheria. Mama aliyefiwa akikuambia, "Lichukue tu mwanangu, linanifugia nyoka hapa uani," usikimbilie kutoa noti chache na kuita lori. Ukijua thamani ya kile kitu naye hajui, una deni kwake. Mwambie, "Mama, gari hili lina thamani, tuwaite na wanao tuzungumze." Bei itapanda kidogo, ni kweli. Lakini utapata kadi iliyofichwa sandukuni, utapata funguo za akiba, utapata habari ya mahali kabureta ilipowekwa. Zaidi ya hayo, utaweza kupita mbele ya mji ule ukiendesha gari lako na watu wakupungie mkono. Huku kwetu tunajuana. Mtu aliyemdhulumu mjane hana gari, ana chombo cha kutangazia aibu yake.

Sasa fedha. Tuseme umeweka akiba ya shilingi milioni 6. Usitafute gari la milioni 6. Gawa mara tatu. Fungu la kwanza ni bei ya gari. Fungu la pili ni kulifanya litembee salama: breki zote, tairi, nyaya za umeme, mipira, oili, betri. Fungu la tatu liache benki, kwa kuwa mwaka wa kwanza gari la zamani litakuambia magonjwa yake moja baada ya jingine. Anza na breki. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Nimeona magari mengi yaliyopakwa rangi nzuri yakasimama kwa kukosa masta ya breki.

Watumishi wenzangu, msikope kwa ajili ya hili. Kanuni inataka mtumishi abakiwe na walau theluthi ya mshahara wake baada ya makato. Wengi wetu tumekwisha kuifikia theluthi hiyo kwa ada za watoto na mabati ya nyumba. Gari la zamani linunuliwe kwa fedha ya akiba, ambayo ikichelewa kurudi hakuna mtoto atakayefukuzwa shule.

Nami nitakuwa mkweli kwenu. Gari la zamani halimfai kila mtu. Kama unahitaji kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, au kuwahi kazini kila asubuhi, nunua Toyota ndogo ya siku hizi na usione haya. Gari la zamani halina mifuko ya hewa ya kumkinga abiria, breki zake zinataka mguu na akili, na mwendo wake si wa kushindana na mabasi ya Mwanza. Linamfaa mwenye subira, anayependa kujua kitu kinavyofanya kazi, na ambaye mkewe au mumewe amekubali kwa moyo mweupe.

Vijana wa shule, kwenu nina neno. Gari la siku hizi ukilifungua utaona vifuniko vya plastiki na kompyuta. Gari la zamani ukilifungua utaona fizikia mnayofundishwa darasani: shinikizo ndani ya silinda, cheche kwenye plagi, wenzo kwenye breki, joto likipita kwenye bati. Katika vyuo vya VETA wapo vijana wanaojifunza ufundi magari, na fundi anayeelewa kabureta atakuwa adimu na mwenye thamani kadiri wazee wanavyostaafu. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa ni kidonda. Msivutwe na unyemi peke yake.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa pendekezo. Naomba chama chetu kifungue daftari moja tu la kawaida. Kila mwanachama aandike gari la zamani analolijua katika kata yake: aina, mahali, jina la familia kwa ridhaa yao, kama kadi ipo au haipo, na kama mirathi imefanyika. Mwenye kutaka kuuza ajulikane, mwenye kutaka kununua ajulikane, na bei izungumzwe mbele ya mashahidi. Familia zisizotaka kuuza tuzishauri namna ya kulihifadhi: liinuliwe juu ya magogo, lifunikwe, injini izungushwe mara kwa mara. Na kama siku moja tutaona Corolla au Landrova yenye hati safi na bei ya haki, tuichangie wenyewe tuilete hapa shuleni, vijana waifungue na kuifunga mpaka waijue.

Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam imewekwa Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, na baada ya Uhuru ikatumiwa na Mwalimu Nyerere. Hiyo inatunzwa na Taifa. Landrova iliyobeba pamba yetu, daktari wetu na wagonjwa wetu haina makumbusho. Mtunzaji wake ni mmoja wetu hapa, mwenye milioni mbili mkononi, fundi mwaminifu, na kadi yenye jina lake.

Mizani ya vyuma chakavu itapita tena wiki hii. Tuwahi.